Kijiti cha Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Mbaazi tangu alfajiri. Nimemaliza ngwe moja na nusu. Vumbi lake linawasha shingoni na kwenye kope. Bombani foleni ni ndefu, nitalala nalo.

Ngwe, yaani kipande ninacholipwa kukata, anapima Mama Paskalina, mwenye shamba. Kila asubuhi tunatembea wote wawili, yeye mbele akihesabu hatua, mimi nyuma na vijiti vinne. Sishiki panga kabla sijavigongomea vyote kwenye kona zake. Mwaka jana kwa tajiri mwingine nilianza kukata na vijiti vitatu. Kufika jioni kona ya nne ilikuwa imehamia barabarani. Sirudii.

Bado siamini mambo ya Jumamosi, siku ya majaribio ya mpira. Uwanjani Katesh tulikuwa karibu arobaini, wote tusio na timu. Tulicheza tangu asubuhi, na timu nne za wilaya zimekaa kwenye benchi zinatutazama. Halafu makocha wakachagua kwa zamu, mmoja mmoja, ili wasije wakagombana. Ngano FC ndio walioanza. Wakamtaja Gidamis, mshambuliaji, kijana wa Kibarbaig kutoka Gehandu. Zamu yao iliporudi wakanitaja mimi. Elia, kipa, mtu wa Kasulu. Mmoja nyuma yangu akauliza Kasulu ndiyo wapi.

Nina miaka ishirini na sita. Msimu huu ukipita bila mimi, hakuna atakayeniita tena. Hilo nalijua.

Jumatano, 6 Agosti

Katibu wa timu, Bwana Bura, ametuma mkataba kwa simu. Picha tatu. Kioo cha simu yangu kimepasuka, maneno mengine yameingia kwenye ufa. Niliacha shule kidato cha pili, lakini kusoma najua. Nimesoma kwa kidole, mara tatu, nimekaa juu ya gunia.

Miaka minne. Sawa, ni mingi, lakini ina mwisho.

Kipengele cha sita: mchezaji akiumia atajigharamia matibabu yake mwenyewe.

Kipengele cha tisa: mchezaji atapewa barua ya kuachiwa pale klabu itakaporidhika. Bila barua hiyo huruhusiwi kucheza kwingine. Sasa klabu itaridhika lini? Hawakuandika. Kwa hiyo hata ile miaka minne si minne.

Hii ni ngwe ya vijiti vitatu.

Kuhusu kipengele cha sita sina haja ya kufikiri. Nyumbani niliruka kudaka kona, nikaangukia bega, mfupa ukavunjika. Timu ilinipa pole na soda. Mama aliuza mbuzi wawili, na msimu ule sikulima hata mstari mmoja. Ndiyo maana niko huku nakata mbaazi za watu. Bega lenyewe bado linajua baridi ikija.

Sisaini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Wakulima wote niliowaona leo walikuwa shambani.

Mchana nimeomba ruhusa nikaenda Katesh dukani kwa Katibu. Anauza mbegu na dawa za mifugo. Nikamwambia kwa heshima kwamba nataka kucheza, ila kipengele cha sita na cha tisa vibadilishwe. Akacheka mpaka mteja akageuka.

"Elia, wewe ni kibarua. Kipa nampata hata mnadani."

Nikasema basi nitaongea na timu nyingine. Hapo hakucheka. Akafungua droo, akatoa karatasi yenye saini yangu. Imeandikwa kwamba nimekubali kuchaguliwa, na kwamba msimu huu timu iliyonichagua ndiyo pekee nitakayoongea nayo.

Saini ni yangu kweli. Siku ile ya majaribio getini kulikuwa na meza. Kijana akanipa kalamu, nikasaini, nikapita. Nilidhani ni mahudhurio. Shambani kila asubuhi tunasaini daftari la mahudhurio bila kutazama, mkono umeshazoea. Nimepima kila ngwe miaka miwili, halafu nikasaini karatasi sijui inasema nini kwa sababu ilikuwa juu ya meza na ina mistari.

Mjinga ni mimi. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye.

Dirisha la usajili linafungwa Jumamosi ya wiki ijayo saa kumi jioni. Ama wao, ama nakaa mwaka mzima.

Jumapili, 10 Agosti

Kumbe jana mnadani Katibu alitangaza majina yetu kwa spika. Ngano FC imepata mshambuliaji wa Gehandu na kipa wa kutoka Kigoma. Leo nje ya kanisa watu wamenipa mikono. Mzee mmoja akanibana vidole kuona kama ni vya kipa. Nimetabasamu tu. Sina mkataba.

Jioni Katibu amepiga simu. Sauti ya upole safari hii. Anasema Gidamis alishasaini jana, hakusumbua, amepewa na viatu. Anasema mimi peke yangu ndiye ninayechelewesha timu.

Nimeshindwa kula. Gidamis ndiye waliyemtaka kwanza. Kama yeye amekubali, mimi wa pili nina nguvu gani?

Mama Paskalina ameona sahani. Nikamweleza. Yeye ni Mwiraqw wa kijiji cha Daudi, haongei kwa kuzunguka.

"Wewe Mha, mimi ukiniona nahesabu hatua unaniandama kama ndama. Yule ni nani usimwandame?"

Nikasema yule ana karatasi yenye saini yangu.

"Hiyo inasema usiende kwa wengine. Inasema lazima umsainie?"

Haisemi. Nimekaa nikafikiri. Kweli haisemi.

Jumanne, 12 Agosti

Sijawahi kufurahi kumwona mtu hivi.

Saa nne nikiwa juani, Gidamis amefika na baiskeli, gunia la mahindi nyuma, anakwenda mashineni. Hakunisalimia. Alisimama pembeni mwa ngwe akiwa amekasirika.

"Kipa, umesaini bila kuniambia?"

Nikamwuliza na yeye viatu vinambana? Akanitazama kama nina homa. Hana viatu vyovyote. Hajasaini chochote. Katibu alimpigia Jumapili hiyo hiyo, akamwambia mimi nimeshasaini na kwamba yeye peke yake ndiye anayechelewesha timu.

Maneno yale yale. Hata hakujisumbua kuyabadilisha.

Tulicheka. Nimemsomea vipengele vyote mpaka mwisho, amekaa juu ya fremu ya baiskeli. Hakujua cha sita. Anasema baba yake hataki mpira kabisa, lakini atamleta Alhamisi, kwa sababu mambo ya mtoto kuchukuliwa na watu hayaongelewi bila baba.

Tumekubaliana. Anayesaini amwambie mwenzake kwanza, ana kwa ana, si kwa simu.

Alhamisi, 14 Agosti

Dukani kwa Katibu. Mimi, Gidamis, na baba yake. Mzee amevaa shuka, fimbo mkononi, amekataa kiti. Katibu mwenyewe alimpa shikamoo mara mbili.

Nilijipanga kuongea mimi. Mzee hakunipa nafasi. Kiswahili chake ni kifupi.

"Mguu wa mtoto ukivunjika, nani anatoa ng'ombe mtamba?"

Katibu akasema, "Mtamba wa nini, mzee wangu? Hii ni soka, siyo ugomvi."

"Kwetu ukimtuma mtoto wa mtu akavunjika, unatoa mtamba kwa baba yake. Wewe unamtuma. Nani anatoa?"

"Hakuna kutoa. Imeandikwa atajitibu mwenyewe."

"Basi bado ni wangu."

Akageuka. Akatoka. Gidamis akamfuata, hakunitazama hata. Nje nimesikia mzee anamtuma akatazame ng'ombe kisimani.

Nimebaki na Katibu, dawa za kupe na harufu ya mbegu. Mimi ningeongea nusu saa na nisifike hapo. Katibu alikuwa amekunja uso. Akaniambia ukiondoka na wewe, usirudi. Nikaondoka.

Njiani nimeogopa. Gidamis akikosa mpira ana ng'ombe, ana baba, ana kwao. Mimi nina panga la Mama Paskalina. Nimemwonea wivu rafiki yangu, nimemwonea sana.

Ijumaa, 15 Agosti

Katibu hajapiga. Gidamis hapatikani, huko kisimani mtandao hakuna.

Nimekata ngwe mbili. Hasira inakata vizuri kuliko mimi.

Mara tatu nimetoa simu nimpigie Katibu nimwambie nasaini. Mara tatu nimeirudisha mfukoni. Nikisaini leo mkataba ule, nikivunjika tena, Mama atauza nini? Mbuzi hatuna. Hilo peke yake linatosha kunishika.

Saa kumi na moja jioni ujumbe wa Gidamis umeingia. Baba yake anasema: kipa amesoma, aandike tunachotaka, kesho turudi naye dukani. Yaani mzee anarudi. Na mimi, kidato cha pili, ndiye niliyesoma.

Nimechana ukurasa wa daftari hili nikaandika kwa kalamu ya bluu. Kwanza, miaka miwili. Pili, mchezaji akiumia mazoezini au kwenye mechi, timu itamtibu hadi apone. Tatu, mkataba ukiisha, barua ya kuachiwa itolewe ndani ya siku thelathini, timu iwe imeridhika au haijaridhika. Nimenakili kwa mwandiko mzuri. Mama Paskalina amesoma, amesema neno "hadi apone" lisiguswe hata wakilia.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimechoka kuliko siku ya ngwe tatu. Niandike yote.

Saa sita tulikuwa dukani. Nje watu wanauliza kama wachezaji wao wapya wameshavaa jezi. Ni spika yake mwenyewe ya mnadani iliyowaleta. Katibu akafunga mlango nusu.

Nikaweka karatasi yangu mezani. Katibu alisoma akasema hayo hayawezekani, mikataba imeshachapwa. Nikamwambia kalamu zipo, tufute na tuandike juu, kila palipofutwa tusaini wote. Akasema miaka mitatu. Nikasema miwili. Akasema miwili basi, ila nitakuwa kipa wa pili. Nikasema sawa. Akasema fedha ya usajili itapungua nusu na kambini silali. Nikasema sawa, nitakuwa natoka huku shambani Nangwa. Aliona nimekubali yote hayo, akadhani nimeanza kulegea. Akavuta mkataba akaandika kwenye kipengele cha sita: timu itasaidia matibabu kadiri ya uwezo wake.

Nikasema hapana.

"Elia, nimekupa kila kitu."

"Hujanipa mwisho wake."

Saa nane. Saa tisa. Akatoka kupiga simu, akarudi. Mzee amesimama muda wote, ananusa ugoro. Gidamis akaninong'oneza kwamba baba hajasimama hivi hata kwenye mahari ya dada yake. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Saa tisa na nusu Katibu alifuta. Akaandika: hadi apone. Kipengele cha tisa akaandika siku sitini badala ya thelathini. Nimeacha. Sitini ina mwisho.

Nikashika kalamu. Mzee akanigonga mkono kwa fimbo, kidogo tu. Akamwambia Katibu afungue mlango wote, aseme kwa mdomo wake kipengele kimoja kimoja, watu wa nje wakisikia. Kwao jambo halijakubaliwa mpaka limesemwa mbele za watu. Macho ya Katibu yalikuwa mekundu. Akasema. Alipofika cha sita alishusha sauti.

"Sijasikia," mzee akasema. "Mimi nimezeeka."

Akasema tena kwa nguvu. Mama mmoja anayeuza ndizi akapiga makofi.

Hapo tukasaini. Mimi nimesoma kwanza mikataba yote miwili, wangu na wa Gidamis, mbele na nyuma. Saa kumi kasoro dakika kumi Katibu ametuma fomu. Mtamba haukuandikwa. Mzee amesema hadi apone ni karibu na mtamba.

Jumatatu, 18 Agosti

Ukungu asubuhi, Mlima Hanang haukuonekana mpaka saa tatu. Ngwe moja tu leo, nimeimaliza mapema. Mama Paskalina amekagua kona zote nne kama siku zote. Amenipa maziwa ya mgando, kikombe kikubwa.

Jana nilimpigia Mama. Nikamwambia nimesaini. Aliuliza kuhusu bega kabla ya kuuliza kuhusu timu.

Saa kumi mazoezi. Kipa wa kwanza ni mrefu kuliko mimi, na anadaka vizuri. Nitamsumbua. Gidamis anapiga mashuti kama ana ugomvi na mpira. Nimeokoa matano. La sita nimeruka kulia nikatua vibaya. Bega likauma, si sana.

Zamani ningenyamaza. Nimekwenda kwa kocha nikamwambia. Akatoa daftari lake, akauliza jina langu lote, akaandika jina, tarehe na bega. Nimesimama pale mpaka alipomaliza kuandika. Halafu nimerudi langoni.