Paa la Mama Paskalina

Karatu, Jumamosi jioni

Leo nimepanda kilima cha Kansay bila wageni. Nilikwenda kumzika Mama Paskalina.

Miaka sita nimewapeleka watalii kule. Tulianzia kwenye kanisa la mawe la wamisionari, kisha nyumbani kwake, nyumba ya Kiiraqw iliyochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo. Aliwaimbia nyimbo za zamani, nao wakapiga picha.

Mwaka jana alitaka kuezeka bati. Mimi ndiye niliyemzuia.

"Mama, wageni wanafuata nyumba ya asili. Ukiweka bati hawatakuja tena."

"Haya, mwanangu," alisema. "Tutavumilia."

Mvua za wiki hii zimelilowesha lile paa mpaka likashindwa na uzito. Limemwangukia akiwa amelala.

Kanisani nilikaa nyuma kabisa. Baada ya misa binti yake, Agnes, alinifuata nje. Macho yalikuwa mekundu.

"Kaka, mabati alishanunua. Yapo kwangu mpaka leo. Kwa nini aliahirisha?"

Ningeweza kusema sijui. Nilitamani sana kusema sijui. Nikamweleza yote.

Hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Naomba usishike chepe. Waache ndugu zake wamzike."

Nikasimama mbali mpaka walipomaliza kufukia.

Jumanne kuna wageni wanane wa kupeleka kijijini kule. Ofisini bado sijamwambia mtu yeyote kwamba sitaweza.