Uyoga Ulioniozea Mfaranyaki

Mfaranyaki, Songea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Shikamoo tena, hii ya pili ni ya zile siku zote nilizokaa kimya. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka juu ya kabati inapigwa vumbi kama kawaida yako? Na mikorosho imetoa maua, au upepo umeyapukutisha? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Ila nafsi imechafuka, mama, imechafuka kwelikweli. Nakuandikia huku bado nasikia harufu kwenye vidole, na nimenawa kwa sabuni, kwa majivu na kwa ndimu.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Nyumba hii unaijua, ukiongea uani jikoni wanasikia, na haya sitaki mama mkwe ayasikie. Nitampa barua kondakta wa basi la Tunduru akufikishie mkononi.

Ujumbe wako kaka Hamisi alinipigia simu akaniambia wote. Kwamba eda imekwisha zamani, mume wangu Saidi ameshatangulia mbele ya haki, watoto hatukujaliwa, basi sina sababu ya kuendelea kukaa Songea kwa watu, na msimu wa korosho ukiisha atakuja kunichukua. Nikamwomba anipe nafasi kidogo. Nikamwambia nimeanza kupanda uyoga hapa nyumbani, na uyoga ukikubali kuota, sisi wajane wawili, mimi na mama mkwe, tutaweza kujitegemea. Kaka akacheka. Na wewe najua ulicheka. Wewe unaingia porini mvua za kwanza zikipiga, unatoka na kikapu kimejaa, utamwelewaje mtu anayepanda uyoga chumbani?

Basi cheka vizuri, maana uyoga wenyewe umeoza.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Bibi shamba wetu alitufundisha akina mama wa mtaa huu. Unakatakata majani makavu ya mpunga, unayaloweka, unayachemsha kwenye pipa mpaka kila kidudu kife, unayapoza, halafu unayashindilia kwenye mifuko ya nailoni, tabaka la majani, tabaka la mbegu. Unafunga, unatoboa vitundu, unaning'iniza kwenye chumba chenye giza. Mambo yakienda sawa mfuko unajaa utando mweupe kama pamba, na uyoga unachomoza hapo. Kitu chenyewe kinataka usafi kuliko mtoto mchanga. Hakuna kuingia bila kunawa, na chumbani kusiwe na kitu kingine chochote.

Chumba nilichotumia ni kile ambacho marehemu alikuwa akitengenezea redio. Nilitoa kila kitu, nikapaka chokaa. Nilichobakiza ni koti lake la baridi, lililokuwa nyuma ya mlango tangu siku aliyopelekwa hospitali. Mama mkwe hakutaka liguswe, na mimi sikuwa na ubavu wa kumwambia.

Mwanzoni mifuko ilipendeza, nikawa naringa peke yangu. Kisha asubuhi moja nafungua mlango, nikapigwa na harufu usoni. Siyo ya uyoga, ni ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika kwenye ndoo. Nikawasha tochi. Yallah! Kijani, mama! Kijani cha unga unga kimetambaa kwenye mifuko, na katikati yake madoa meusi, na pembeni rangi ya chungwa, ukipuliza kidogo inapeperuka inakuja kwako. Nikabonyeza mfuko kwa kidole, ukatoa uteute. Mlendamlenda fulani, wa vuguvugu! Na vijinzi vidogo vidogo vikatoka vikaniingia puani. Nilitapika palepale mlangoni. Mimi, mama, niliyekuwa nikisafisha matumbo ya mbuzi kila sikukuu bila kukunja uso.

Nikatafuta wa kumlaumu. Jirani yetu, Mama Lusi, alikuwa ameingia siku chache kabla kuona hayo maajabu, akapiga chafya mle ndani. Nikamfuata hadi kwake nikamwambia chafya yake ndiyo iliyoniletea uchafu. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wee! Pua hii nimetoka nayo Peramiho, haijawahi kuua hata panya. Nenda kafagie kwako." Tukanuniana. Nilitoa mifuko iliyochafuka, nikaifukia mbali, nikabaki na iliyo mizima. Haikupita muda na hiyo ikaota ukungu. Natoa, mingine inaota. Nikawa silali vizuri, kila nikifumba macho naona kijani, na chakula nikikipeleka mdomoni nakinusa kwanza.

Sasa sikiliza. Unamjua mama mkwe na ugali wake. Mahindi lazima yakobolewe, yalowekwe mpaka yachache, ndipo yakasagwe, unga utoke mweupe. Huku wengi ndivyo wafanyavyo. Ila yeye yale maji ya kulowekea hamwagi hata tone. Yananuka uchachu nyumba nzima, na yeye anayapeleka kwenye mchicha, anawapa kuku, anasema yana nguvu.

Siku moja mvua ilitutawanya sokoni, nikarudi mapema. Mlango wa chumba cha uyoga uko wazi. Nachungulia, namkuta mama mkwe amesimama, bakuli mkono mmoja, kijiko mkono wa pili, anayatia yale maji machachu kwenye vitundu, mfuko mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anamnywesha mgonjwa uji. Na anaongea nayo.

"Kunyweni wanangu. Oteni. Mkikataa kuota nyie, huyu mtoto wataniondolea."

Mama, nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane. Sikufichi. Tusi lilikuwa limefika kwenye meno. Nikalimeza. Kumbe simu ya kaka aliisikia yote, akakaa nayo moyoni.

Akageuka, akaniona. "Niliona inakauka, mwanangu. Na haya maji yananenepesha kila kitu."

Nikamwambia ndiyo hayo yanayoozesha. Akatazama bakuli, akatazama mifuko, akakaa sakafuni. "Kwa hiyo ni mimi?"

Nikamjibu ndiyo mama, ni wewe. Ningesema nini? Ningemdanganya, kesho angerudi na bakuli.

Tukaitoa yote iliyooza, pua tumezifunga kwa kanga. Nilimkataza asiguse, hakusikia. Mfuko mmoja ukanipasukia kifuani, ute ukanishuka mpaka tumboni, wa baridi, na vifunza vinacheza ndani yake. Nilipiga ukelele! Mama Lusi akatoka mbio, na pamoja na ugomvi wetu akanimwagia ndoo nzima ya maji, halafu akacheka mpaka akaushika ukuta. Nikamwomba radhi huku natetemeka. "Nimekusamehe," akasema, "lakini usinisogelee, unanuka." Mpaka leo nikikumbuka vile vifunza ngozi inanisisimka.

Mwisho tukafika nyuma ya mlango. Koti la Saidi lilikuwa limeota kijani kwapani na kwenye kola. Kwenye kola, mama, pale shingo yake ilipokuwa inakaa. Nikaona kinyaa, halafu nikaona aibu kumwonea kinyaa mume wangu mwenyewe. Nikasema nitalifua, nitalianika. Mama mkwe akalichukua, akaenda nalo mpaka kwenye shimo la taka, akalitupa juu ya mifuko, akamwagia mafuta ya taa.

"Mwenyewe hayumo humu," akasema, akawasha kiberiti.

Sikuthubutu kumtazama usoni. Jioni nikamkuta amelitoa begi langu chini ya kitanda, amelifuta vumbi, ameliweka mlangoni. "Nenda kwa mama yako. Nimekuharibia." Nikalirudisha. Kesho yake likawa mlangoni tena. Ndivyo tunavyoishi sasa, yeye analitoa, mimi nalirudisha.

Kuna mifuko ambayo niliining'iniza juu kabisa, karibu na dari. Huko mkono wake haukufika, si unajua alivyo mfupi. Ile ilibaki myeupe, na juzi ikatoa uyoga mnene, mzuri kuliko wa bibi shamba mwenyewe. Nikaupika kwa karanga. Mama mkwe alikula mpaka akafuta sufuria kwa tonge. Mimi nilishindwa, mama. Nilikaa namtazama anavyotafuna. Utakuwa muda kabla sijautia mdomoni. Lakini unaota, nimeona kwa macho yangu kwamba unaota, na kuuza nitauza hata nisipoula. Tumeshaosha chumba kwa maji ya chokaa, ukuta na dari, tunaacha madirisha wazi kikauke, ndipo tuanze upya. Na maji ya mahindi sasa anayamwaga nje ya uzio mbele ya macho yangu, ili nione.

Nisalimie baba mdogo, mwambie tumbaku aipunguze. Wifi yangu, mke wa kaka, mpe pole ya kulea mapacha. Shangazi Asumini mwambie kitenge chake kimenikaa vizuri. Kaka Hamisi naye msalimie, na kicheko chake nimekisamehe.

Sasa neno langu lenyewe, mama. Wewe ndiye uliyenizaa na sikatai kuitwa na wewe. Najua desturi yetu, najua watu wa Tunduru wanakuuliza binti yako anafanya nini kwa watu wasiokuwa ndugu zake. Nimelifikiria mpaka kichwa kinaniuma. Nikiondoka, nyumba hii inabaki na mtu mmoja, ambaye hana mwingine wa kumwita. Nikibaki, wewe unalala ukiniwaza. Yote mawili yananiuma, na mimi sina kipimo cha kusema lipi zito.

Ila naomba kaka asije. Njoo wewe mwenyewe. Ukae naye mkekani, ule ugali wake ule mweupe, akusimulie habari za Saidi alipokuwa mdogo, maana atakusimulia tu. Kisha umwambie wewe, kwa kinywa chako, kwamba unaniondoa. Ukiweza kulisema hilo mbele yake, nitakufuata bila neno.

Ni mimi binti yenu, wewe na yeye,

Zuhura