Maua Niliyoyarudisha Kutoka Makaburini

Kamina, Kartie ya Stesheni
Tarehe 19 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Lydie,

Nakusalimu wewe, shemeji Séraphin na watoto wote huko Likasi. Kifua chako kimepona? Mimi mwili haujambo, ila magoti hununa mvua ikikaribia, na mwezi huu mvua haiondoki. Roho ndiyo haijatulia. Ningekupigia simu, lakini miaka ya kazi kwenye vichwa vya treni iliniharibu sikio moja, naongea kwa kupaza sauti, na jirani angesikia yote. Barua hii nampa Jean-Baptiste wa stesheni, anayekuja kwenu na treni ya leo.

Bustani haijawahi kustawi hivi. Lengalenga, ule mchicha wetu, imefika kiunoni, matembele yamefunika njia ya choo, nyanya zinaiva mpaka zinaanguka zenyewe. Usinisifu. Zinaanguka kwa sababu hakuna anayekuja kuiba. Unajua jirani zetu walivyokuwa wakichuma kwangu, na mwenye adabu sana alikuwa akisalimia. Sasa wanapita ng'ambo ya barabara, wakiwavuta watoto mkono.

Kosa lenyewe njo hili. Unakumbuka yale maua meupe yenye jicho jekundu uliyomletea marehemu mke wangu Phébé? Alipofariki nilipanda machache kaburini kwake. Kisha mbuzi wakamaliza yaliyobaki hapa. Basi mwezi uliopita, mchana kweupe, nilikwenda kung'oa miche kaburini, nikaipanda mlangoni pa parseli, kiwanja cha nyumba yetu. Nilijiona mwerevu: yametoka kwetu, yamerudi kwetu. Nikasahau kwamba huku watu wakitoka makaburini hunawa mikono barabarani, ili hata vumbi lisiingie nyumbani. Mimi nilipita mbele yao na ndoo nzima ya udongo.

Mama Masengo, jirani wa mkono wa kuume, alisimama mlangoni akaangalia maua, wala hakupaza sauti.

“Kitu ya ku makaburi hairudiake ku nyumba, Papa Umba. Njo nani ulituletea?”

Nikamjibu kwa mzaha kwamba marehemu anaijua njia, hahitaji ndoo. Lydie, mdomo huu utaniua. Wiki hiyohiyo binti yake mdogo, Ngoie, akashikwa na homa, na sasa kwenye bomba la maji mzaha wangu unasimuliwa kama ungamo.

Unajua yaliyompata yule mjane wa nyuma ya soko aliyeitwa mchawi. Walianza hivihivi, kwa kutomsalimia. Nyumba yake ilichomwa akiwa kanisani, na watu wakasema ana bahati. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, amekuja kunituliza. Alinituliza akiwa amesimama nje, maji niliyompa hakuyagusa.

Maua nayo siwezi kuyang'oa: nikiyang'oa, nimekiri. Nikiyaacha, nawatukana. Kwa hiyo nayamwagilia.

Mama Masengo anakuheshimu tangu mlipokuwa kwaya moja. Mpigie. Mwambie maua hayo yalitoka mkononi mwako, yalikaa kwetu miaka kabla ya kufika kaburini.

Usingoje Jumapili, maana leo asubuhi nimekuta sitroneli yangu, ule mchaichai wa bustanini, imekatwa. Imekatwa chini kabisa, kwa kisu, namna anavyokata Mama Masengo, na nyayo za kandambili kwenye tope zinaelekea kwake. Sijawahi kufurahia mwizi hivyo. Kisha nikakaa chini palepale. Sitroneli huchemshwa kwa homa, mdogo wangu. Jani langu sasa limo tumboni mwa yule mutoto. Akipona, ni dawa za hospitali. Asipopona, ni mimi.

Nisalimie shangazi Lumbala na wanawe wote. Mungu awafunike nyumba nzima, na akibakiwa na kipande cha shuka, akitupe huku.

Nimekaa mlangoni nikiandika, sikio zima lile moja nimeligeuzia kwa jirani. Ngoie anakohoa. Akinyamaza kidogo, kalamu inasimama. Sasa amekohoa tena, nami naweza kutia sahihi.

Kaka yako akupendaye, na kukungoja,
Yaya Umba