Unga wa samaki nilioulamba Mbarara

Mama Neema wangu, ninakusalimia huko Nakivale, wewe na samaki wetu wenye hawajakufa bado.

Hapa Mbarara ni mvua tu. Mwenye bwawa la samaki niliyemfuata huku amenionyesha unga wa kitunguu saumu na tangawizi anaochanganya na chakula cha samaki, ati unawapa nguvu ya kushinda magonjwa. Kweli, samaki wake wamenona. Lakini juu ya nini anausaga akiwa amefunga mlango, kama mtu anayeficha sumu? Kwetu Kivu mgeni hanywi kitu kama mwenyeji hajaonja. Nikamwambia, "Onja kwanza." Akalamba, akacheka, akaniita bwana kwa lugha yao: "Na wewe sasa, sebo!"

Nimelamba. Ninaleta mkebe mmoja. Ukiniona ninashuka kwenye bodaboda nikiwa mzima, wape samaki wetu huo unga.

Uniombee. Mume wako anayesikiliza tumbo,
Baba Neema