Somo la Mapafu ya Mbuzi

Dagahaley

Abaayo Ubah,

Kabla sijakusalimu nina jambo la kukwambia, kwa sababu nikianza na salamu najua nitaishia kwenye salamu. Nina kifua kikuu. Nilianza dawa kabla ya mvua kunyesha. Sijamwambia mtu yeyote. Daktari wa Garissa anajua, lakini yeye ndiye aliyeniambia mimi. Kila mwezi naenda huko kuchukua vidonge, na hapa nasema naenda kumtembelea rafiki niliyesoma naye. Usiogope. Kikohozi kimekwisha, jasho limekwisha, na walipopima makohozi yangu tena hawakuona kitu. Daktari alisema sasa siambukizi mtu, ila nisiache dawa mpaka nizimalize.

Sasa nakusalimu, dada yangu, na amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote walio hapo. Goti la Hooyo, mama yetu, linaendeleaje? Ngamia wamesogea karibu na maji, ama wavulana bado wanahangaika nao mbali? Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako kila mtu huishika, na ujumbe wa sauti husikilizwa na ukoo mzima. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Hooyo hakisomi. Hilo linanikaa vibaya moyoni, lakini sikuona njia nyingine.

Unajua kazi niliyopata baada ya kumaliza shule. Namtafsiria muuguzi Mutiso, mtu wa Kitui, anapowafundisha wagonjwa na familia zao hapa kambini. Unanijua, mwalimu akitaja jina langu darasani nilikuwa naangalia vidole vya miguu. Sasa nasimama mbele ya wanawake wanaoweza kunizaa mara mbili na kuwaambia jinsi ya kukohoa.

Mutiso alitaka kujua watu wanaelewa zaidi kwa njia gani. Kwanza tulitumia kipaza sauti kwenye mabomba ya maji. Watoto walicheza nyuma yetu, na wanawake waliendelea kugombania nafasi za mitungi yao. Kisha tukaleta picha kubwa ya mwanamume aliyefunuliwa kifua, mapafu yote nje. Mwanamke mmoja aliwafunika watoto wake macho. Mwingine akauliza ni nani aliyempasua na kama jamaa zake walilipwa. Lakini Mutiso alipouliza kama wameelewa, wote walisema, "Haa," yaani ndiyo. Akafurahi. Mimi naijua ile haa, ni ya kumheshimu mgeni. Alipokwenda kunywa chai nilimuuliza mama aliyekaa karibu na picha ugonjwa huu unatoka wapi. Akasema, "Kijana wenu anasema ni wadudu, Mungu amjalie. Ni baridi ya alfajiri."

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nilikwenda kwa mchinjaji nikaomba mapafu mawili ya mbuzi, moja zima na moja bovu lililokuwa la kutupwa. Niliyaweka juu ya gunia mbele ya nyumba ya Eedo Maryan. Ni mama mkubwa wa mtaa huo, wote tunamwita Eedo, shangazi, na mchana huwa nakula kwake, mkono wangu na wake katika sahani moja. Sikuhitaji hata kufungua mdomo. "Sambab," walisema, wakataja ule ugonjwa wa mapafu unaomaliza mbuzi kama unavyojua. Waligeuza mapafu kwa kijiti, wakabishana, wakafundishana. Eedo Maryan alieleza jinsi mbuzi mmoja anavyokohoa leo na zizi zima linakohoa mwezi ujao. Tulipowauliza, kila mmoja aliweza kutueleza kwa maneno yake jinsi ugonjwa unavyopita kwa pumzi, na kwa nini nyumba ifunguliwe hewa iingie.

"Hodan, njia ni hii," Mutiso aliniambia. "Hizo picha nitazikunja."

Watoto wakaanza kuniita Sambab. Nilicheka nao, huku vidonge vikiwa ndani ya mkoba wangu.

Ubah, walielewa kuliko nilivyofundisha. Wewe umechunga. Mbuzi akiwa na sambab, mtu anamfanyaje? Hangoji. Anamtenga, na akiona mifugo mingine inaanza kukohoa, anachukua kisu. Eedo Maryan ana mke wa mwanawe, anaitwa Sahra, ni rika langu. Mume wake anafanya kazi Nairobi. Sahra alikuwa ameanza dawa kama mimi, na alikuwa anaendelea vizuri. Baada ya somo langu, Eedo Maryan alihamisha mkeka wa Sahra mpaka kwenye kibanda kilicho karibu na ua wa miiba. Akampa kikombe chake peke yake. Akamchukua mtoto, na sasa anamnywesha maziwa ya unga.

Nilipomtembelea, Sahra hakuinua uso. "Umekuja kuangalia mbuzi wako?" aliniuliza. Nikasema nimekuja kumsalimu. Akasema, "Kabla yako nilikuwa mgonjwa. Sasa mimi ni ugonjwa." Maziwa yalikuwa yamelowesha nguo yake kifuani, na mtoto tulimsikia analia ng'ambo.

Nilimweleza Mutiso, tukaenda kwa Eedo Maryan. Mutiso alisema yote vizuri, na mimi nilitafsiri yote vizuri. Alisema mgonjwa akinywa dawa kwa wiki kadhaa haambukizi tena, na Sahra ameshapita hapo. Eedo Maryan alimsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia mimi.

"Muulize, amewahi kuona mbuzi wa sambab akirudishwa zizini?"

Mutiso akasema, "Mama, mtu si mbuzi."

"Juzi huyu msichana wake alisema ni mbuzi. Wakubaliane kwanza, ndipo waje kwangu."

Wanawake waliokuwa hapo walicheka. Mutiso naye alicheka kidogo. Njiani hakunilaumu. Alisema tu kwamba tulichagua mfano unaoeleza ugonjwa, na hatukuwa na mfano unaoeleza kupona.

Leo mchana nimesikia kwamba kesho asubuhi gari la mizigo linaondoka kwenda Diff, mpakani, na Sahra atakuwa ndani yake, Eedo Maryan anamrudisha kwao. Wazazi wake wanahamahama ng'ambo ya huko, ambako hakuna zahanati. Mtoto atabaki. Dawa alizonazo ni chache, na zikimwishia katikati, ugonjwa utarudi na nguvu ambazo vidonge hivi haviziwezi. Mutiso amekwenda kuzungumza na wazee wa mtaa, na wamemwambia mambo ya mke na mkwe ni ya nyumba.

Nilikwenda kwa Eedo Maryan peke yangu. Alikuwa amempakata mjukuu. Akanisukumia sahani, "Kula, umekonda." Nilikula. Nikamwambia, "Eedo, kuna watu waliopona, wanakaa na watoto wao."

"Nani?"

Nikasema wapo wengi.

"Maandhey, mtoto wangu, sikiliza. Kipaza sauti nimekisikia. Picha nimeiona. Mapafu nimeyageuza kwa mkono huu. Sasa nionyeshe mtu. Mmoja tu. Huyu mtoto ndiye pekee wa mwanangu, unafikiri mimi nafurahi kumsikiliza akilia?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya sahani yake na mkoba ulikuwa gotini pangu. Hapa kila aliyepona anaficha, ndiyo maana hakuna wa kuonyeshwa. Nami ni mmoja wao. Niliosha mikono, nikaaga, nikaja kukaa kuandika barua hii.

Najua unawaza nini. Nami nimekuwa nikiliwaza hilo kabla yako. Watu wa mchumba wako huuliza kila kitu kabla ya nikaha, na la kifua huuliza kwanza. Eedo Maryan ana dada yake hapo kwenu Banissa, na wanapigiana simu kila Ijumaa. Nikifungua mdomo hapa, huenda ni wewe utakayelipa huko. Nimejaribu kutafuta njia isiyopita kwako, na sikuipata. Kama ningekuwa na muda ningekuomba ruhusa. Gari linapakia mapema.

Kwa hiyo baada ya sala ya alfajiri nitakwenda kwake. Nitatoa vidonge nivimeze mbele yake, nimwambie nimekuwa nikivimeza siku zote alizokuwa ananilisha. Kisha nitamwomba ajaribu kukohoa, anitazame, ajitazame, aone kwamba amekula nami sahani moja na hakuugua. Anaweza kunitemea mate. Anaweza kunifukuza, na Sahra bado akapandishwa garini. Lakini amesema anataka kumwona mtu, na katika mtaa wote mtu ninayeweza kumpeleka ni mimi.

Msalimie Hooyo, mwambie nakula vizuri, ni kweli. Msalimie Abti, kaka yake Hooyo, na umshukuru kwa viatu. Wabusu mapacha wa kaka yetu. Ayeeyo, bibi yetu, mwambie aniombee dua kesho, bila kumwambia ni kwa nini. Yeye huwa haulizi.

Nawe, abaayo, ninakuomba hili. Maneno yakifika Banissa kwa kinywa cha mtu mwingine, usiyakane kwa ajili yangu, waambie waje waniulize mimi. Lakini mpaka siku hiyo, Hooyo asijue, wala mchumba wako asijue, wala usimnong'oneze rafiki yako yule unayemwambia yote. Ichome karatasi hii ukishaisoma. Isitoke kwako.

Mdogo wako,
Hodan