Makuti Niliyong'oa Kwenye Meli Iliyozama

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kutoka mjini Weno, nimevaa miwani na mrija, nikaogelea juu ya meli ya Wajapani iliyozama vitani, mbele ya kijiji cha mke wangu. Ncha ya mlingoti inakaribia kutokeza majini. Juu yake ufito wenye makuti mabichi, umefungwa kwa kamba ya buluu — kamba ya kampuni ya watalii! Sasa wanajipimia viwanja baharini kwetu. Nimeung'oa. Jioni nimepiga simu redioni nikatangaza: bendera ya wageni chini. Nilikuwa moto kweli.

Jumanne, 5 Machi

Si ya kampuni.

Mke wangu Chiyomi ameniambia akiwa amenipa mgongo. Baada ya kumzika mjomba wake Akapito, mimi nikiwa nimesharudi mjini, kaka zake waliifunga bahari ya ukoo. Hakuna kuvua, hakuna kuogelea, mpaka matanga yaishe. Makuti ndiyo alama. Kamba waliomba kwa kampuni. Kampuni ikatoa, na boti zake ikazisimamisha.

"Wageni wametii," amesema. "Aliyevunja mwiko ni mume wangu. Halafu akaenda kujisifu redioni."

Mila hiyo hiyo nimeitetea miaka na miaka, nikiwatukana wanaoipuuza. Sijui nifiche wapi uso.

Alhamisi, 7 Machi

Gatini, muuza samaki: "Mzee wa bendera! Leo unang'oa nini?" Wamecheka wote. Nami nikacheka — aibu juu ya aibu.

Shemeji Kintin, kaka mkubwa wa Chiyomi, ametuma neno. Nije Jumamosi kuomba radhi. Nisipokuja vizuri, dada yao habanduki tena kwao. Chiyomi ameondoka na nguo zake.

Jumamosi, 9 Machi

Nje ya jumba la ukoo wao. Tumeleta nguruwe na shelisheli la kutwanga. Mkosaji huingia kwa magoti, huinama, hajitetei. Atakayesema ni kaka yangu Redley.

Chiyomi amepita akanong'ona: "Baba Mioko, ukifungua mdomo tu, mimi nabaki hapa."

Kintin ndani, kwa sauti ili nisikie: "Yuko nje anaandika. Hata leo!"

Kweli. Naandika, na ninamtaka mke wangu. Lakini kuna jibu limekaa ulimini: hakuna hata mmoja wao aliyenipelekea habari kwamba bahari imefungwa. Ni kweli tupu. Litawanyamazisha wote.

Redley ananivuta shati. Magotini, anasema, sasa. Na jibu bado ninalinoa, nalipunguza maneno, linazidi kuwa zuri —