Kadi ya Jenifa

Kizwite, Sumbawanga
7 Juni 2025

Dada yangu Albina,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Je, huko Kasanga maumivu yanakuacha ulale? Damu imepungua? Sisi wazima, ila baridi imeanza na mtoto ana mafua. Ameota meno mawili, akinyonya ananing'ata halafu anacheka.

Shemeji Loth alinipigia akanieleza waliyosema madaktari, kwamba kansa ya shingo ya kizazi imeshasambaa, wamekupa dawa za maumivu tu na kukurudisha nyumbani. Nililia jikoni mpaka ugali ukaungua. Bado namwomba Mungu, dada, sijachoka.

Shemeji akasema pia kwamba kila siku unauliza jambo moja tu, kama kweli Jenifa alichanjwa.

Hakuchanjwa, dada. Mwaka jana ulipomleta kwangu asome, uliniagiza asikose chanjo hiyo ya kansa. Siku manesi walipokuja shuleni kwao nilimtuma shambani akawinge ndege kwenye ulezi. Majirani walisema sindano ile inafunga kizazi. Mimi nilichomwa nikiwa darasa la saba, baadaye mimba zangu mbili zikatoka, basi nikaamini. Ulipopiga simu kuuliza, nikamfundisha mwanao aseme ndiyo.

Mwaka huu manesi walirudi. Akawajibu alishachanjwa, kama nilivyomfundisha. Wakampita.

Juzi kliniki, nimempeleka mtoto kupima uzito, nikamwuliza nesi kama sindano niliyochomwa ndiyo iliyotoa mimba zangu. Akanitazama, akasema, "Wewe uliyechanjwa, huyo mgongoni umemwokota?" Akanieleza kwamba mimba zangu hazikutoka kwa sababu ya chanjo. Inakinga vizuri sana virusi vinavyoleta sehemu kubwa ya kansa hiyo, msichana akichanjwa mapema. Haikingi vyote, kwa hiyo akiwa mtu mzima lazima apimwe. Na aliyekwisha kuugua haimponyi. Hapo nilikukumbuka wewe, nikainamisha kichwa.

Jana nilimpeleka Jenifa kituo cha afya. Agosti anatimiza kumi na tano, tungechelewa kabisa. Amechomwa sindano moja, wamesema inatosha.

Barua hii na kadi ya chanjo anakuletea mwenyewe, shule zimefungwa. Najua macho yako yamechoka, atakusomea yeye.

Jenifa mwanangu, ukifika hapa usiruke. Msomee mama kwa sauti: uongo ulikuwa wa mama mdogo, haukuwa wako. Halafu mpe kadi aishike.

Msalimie shemeji. Dada, usiponisamehe nitaelewa, ila yeye mkumbatie.

Mdogo wako,
Coleta